Jiwe la Mlima wa Baba

Wiki iliyopita mjukuu wangu alilitupa jiwe langu la kusugulia visigino. Alikuja kunitembelea hapa Masuguru, akakuta bafuni kitu cheusi, chepesi, chenye vitundu kama andazi lililoungua, akaona ni uchafu. Akaenda dukani akanunua brashi ya plastiki, akaiweka mahali pake, halafu akaja kunionyesha akitegemea nimsifu. Nilinyanyuka na miguu yangu hii mibovu nikaenda kwenye shimo la takataka, nikaingia. Majirani walitoka kuangalia. Mmoja akaniuliza kama nimedondosha dhahabu, nikamwambia aendelee kufua nguo zake. Nilichambua maganda ya ndizi na majivu ya jikoni mpaka nikalipata. Nilipolinusa lilikuwa na harufu ya jivu lililoloa maji, na harufu hiyo ilinimaliza. Nililia nimesimama humo humo shimoni, mtu mzima na nywele zangu nyeupe.

Jiwe lile si la Korogwe wala si la Handeni. Mawe ya kwetu ni mazito, ukilirusha moja linaanguka kama lilivyoagizwa. Hili lilikuja mfukoni mwa baba yangu kutoka kwao Tukuyu, alipokuja kukata mkonge akiwa kijana. Mliozaliwa enzi zangu mnawajua manamba, walivyoletwa kwa malori kutoka mbali na kupangwa kwenye makambi. Baba mkonge ulimchosha. Bendera mpya ilipopandishwa, yeye akavuka zake upande wa Handeni kutafuta vibarua vya shamba, akafika kule Misima, akamwona mama yangu, akasilimu, akapewa jina la Athumani, akaoa. Watu waliendelea kumwita Mnyakyusa mpaka siku anazikwa.

Baba alikuwa na hadithi moja tu, na aliisimulia kila jioni tukipukuchua mahindi barazani. Kwao, alisema, kuna kilima ambacho zamani hakikuwepo. Babu wa babu zake walikuwa wakilima mahali pale viazi na maharage. Kwanza ardhi ilitikisika, siku moja, halafu siku nyingine, mpaka watu wakazoea. Kisha panya na nyoka wakahama. Kisha ng'ombe wakagoma kuingia zizini. Halafu asubuhi moja shamba likapasuka katikati, likaanza kukohoa kama mtu anayekoholea ndani ya mtungi, na kila likikohoa linatema mawe mekundu juu, yanarudi chini yanarundikana, yanarundikana, mpaka pale penye maharage pakasimama kilima chenye shimo kichwani. Kilikua mbele ya macho ya watu, kama kichuguu. Ubavuni mwake ukatoka uji wa moto. Ulitembea polepole, alisema baba, hata mzee mwenye fimbo angeuacha nyuma. Waliokufa ni wale waliorudi kuchukua vitu.

"Sasa umelala?" nilikuwa namuuliza kila mara, ingawa nilijua jibu.

"Umelala, mwanangu. Lakini haikuwa mara ya kwanza ile." Hapo aliniambia habari ya choo. Alipokuwa kijana alichimba choo na baba yake, na wakiwa ndani ya shimo waliuona ukuta umepangwa mistari. Juu udongo mweusi wa migomba. Chini yake mawe mepesi kama hili jiwe. Chini yake udongo tena, na ndani ya udongo huo vigae vya chungu cha mtu fulani. Chini yake mawe tena. Baba yake alipitisha kidole ukutani akamwambia: kila mstari wa mawe ni mara moja mlima ulipofunguka, na kila mstari wa udongo ni watu waliokaa katikati, wakalima, wakazaa, wakaamini umelala. Baba alipokuwa akieleza hivyo alikuwa anapitisha kidole hewani mbele ya pua yangu, na mimi nilikuwa naiona ile mistari kabisa.

Nyuma ya ukuta, chumbani kwake, Bibi mzaa mama alikuwa anasikia yote. Alikuwa na miguu iliyovimba, hawezi kutembea bila kushikwa, lakini masikio yake yalikuwa ya paka. "Mwantumu," angeniita, "mwambie baba yako mawe hayaungui. Yangekuwa yanaungua tungepikia." Namgeukia baba, ambaye ameketi pale pale na amesikia kila neno, namwambia, "Baba, Bibi anasema mawe hayaungui." Baba naye anainamisha kichwa. "Mwambie mkwe wangu kwetu nilikotoka yanaungua." Nami naugeukia ukuta.

Ndivyo walivyoishi. Mkwe na mkwe wake, ninyi mnajua, ingawa vijana wa leo wanakaa na mama wakwe sofa moja wanagombea rimoti. Baba hakuwahi kukanyaga chumba cha Bibi. Bibi akiletwa uani kuota jua, baba anashika njia ya nyuma. Wakikutana njiani, enzi miguu ya Bibi ilipokuwa mizima, baba alikuwa anaingia porini na kugeuza mgongo mpaka apite. Hawakula pamoja, hawakutazamana, hawakuitana majina. Mimi nilikuwa ndiyo kinywa chao, na kwa kuwa hakuna aliyenieleza, nilijua jambo moja tu: baba na Bibi wanachukiana sana. Niliwaza kwamba siku moja nitakosea kufikisha neno na watauana. Nililibeba wazo hilo kichwani kila siku, na lilikuwa zito kuliko ndoo ya maji.

Kuhusu jiwe, baba alinituma siku moja nimpelekee Bibi, kwa sababu visigino vyake vilikuwa vimepasuka mpaka vinatoa damu. Bibi akalitazama akasema hasugui miguu yake na mavi ya mlima. Nikalirudisha. Baba akacheka kidogo, akaniambia nikaliache tu dirishani kwake. Baada ya muda nilimkuta Bibi anajisugua taratibu, macho ameyafumba, kwa raha zote. Akanikodolea macho. "Ukimwambia nitakuchapa." Sikusema, lakini jiwe halikurudi tena kwa baba.

Kisha likaja neno la kuhama. Watu wa serikali walifanya mkutano, wakasema tutakaa pamoja kwenye kijiji kipya kando ya barabara, tutapata shule, bomba na zahanati. Baba hakupinga. Alikwenda akakata fito, akaanza kujenga, akawa anarudi jioni na udongo miguuni. Mama alikuwa analia kimyakimya akifunga vyombo. Bibi peke yake ndiye aliyekataa waziwazi. Mumewe na watoto wake wanne walikuwa wamelala makaburini nyuma ya nyumba, chini ya miti ya minyaa. "Mwambie baba yako mimi humu nitatoka nimebebwa," alisema. Baba alijibu, kupitia kwangu, kwamba kule mkwe wake atajengewa chumba chenye mlango wake mwenyewe. Bibi akajifunika khanga kichwani. Nikafikiri wamezidi kuchukiana.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekata, na mimi nikaanza kuona dalili. Kisima chetu kilibadilika ladha, maji yakawa na chumvi. Malori yakaanza kupita mbali kule barabarani, na ukilaza sikio chini ulikuwa unaisikia ardhi ikitetemeka. Watu walipoanza kuvunja maghala yao, panya wakatoka makundi kwa makundi wakakimbilia porini. Mbuzi wetu, kwa kuwa zizi lilikuwa limeshang'olewa miti nusu, waligoma kuingia. Nilizijua dalili hizo zote kwa moyo. Nyuma ya kwetu palikuwa na kilima cha mawe, nami nikawa nakitazama kila asubuhi kabla hata sijanawa uso. Nilimwambia Bibi kwamba mlima utafunguka. Akasema, "Huyo baba yako amekuharibu."

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Mama alipanda lori la kwanza na mdogo wangu mgongoni, pamoja na vyungu na kuku. Kabla hajaondoka alichemsha maji, akaniambia nimwogeshe Bibi nimvalishe nguo yake nzuri, kwa sababu lori la pili litamchukua hata kama atatukana. Bibi aliogea ndani, kwenye karai, kwa ajili ya miguu yake. Baba alikuwa mbele ya nyumba anang'oa bawaba za mlango, mtu mwenye subira, msumari mmoja mmoja. Nilimvua Bibi, nikammwagia maji, akalishika jiwe lake akaanza kusugua kisigino. Maji yakapungua. Nikatoka uani kuchota mengine mtungini.

Nikiwa nimeinama mtungini nikasikia filimbi, halafu ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu kweli kweli. Nikasikia kukohoa. Lilikuwa lori linapanda kwetu, lakini mimi nilitazama kilima. Ng'ambo ya shamba, moshi mweusi ukasimama wima. Halafu ghala la jirani yetu likafumuka. Ghala lile lilikuwa limejaa mahindi ya mbegu, na moto ulipoyafikia, punje zikaanza kupasuka na kurushwa juu, nyekundu, mamia kwa mamia, zinaanguka kwenye majani makavu na kila zinapoanguka panawaka. Mlima ulikuwa unatema mawe. Nilipiga kelele, "Baba, umefunguka," na nikakimbia kumfuata.

Mbele ya nyumba palikuwa na mgambo. Kiongozi wao alikuwa kijana, filimbi shingoni, sauti yake imekauka kwa moshi. Hakuwa mtu wa kwetu. Walikuwa wanachoma ili asiwepo wa kurudi. Jirani yetu yule mwenye ghala, mzee kabisa, alikuwa ameukumbatia mwimo wa mlango wake, na mmoja wao alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Nililiona jino lake likitoka na mate. Alipoanguka walimpiga tena mbavuni, halafu wakamburuta kwa miguu mpaka kwenye lori, na kanzu yake ikawa imepanda mpaka shingoni mbele ya wajukuu zake. Hakuna aliyemsitiri. Mbwa wetu alibweka akapigwa panga mgongoni, akawa anazunguka pale pale.

"Humo ndani kuna mtu?" kiongozi alimuuliza baba.

"Yumo mkwe wangu. Mama yake mke wangu. Hawezi kutembea."

"Mtoe."

"Siwezi kuingia kwake, ndugu yangu. Ni mkwe. Niruhusu nimwite mwanamke."

Wakacheka. Mmoja alisema Mnyakyusa huyu anataka kutuchelewesha. Kiongozi akampiga baba kofi, baba akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile ya adabu, akapigwa kitako cha bunduki begani. Na wakati hayo yanaendelea, mwenzao wa nyuma ya nyumba, ambaye hakusikia neno lolote, alikuwa ameshachomeka kijinga cha moto kwenye nyasi za paa.

Nyasi za mwaka wa ukame hazisubiri. Moto ulipanda paa kwa pumzi moja. Niliingia ndani mbio, hakuna aliyewahi kunishika. Bibi alikuwa ameanguka kutoka kwenye kigoda, yuko chini, uchi, maji yamemwagika, anakohoa. Nilimvuta mkono, hakusogea. "Mwambie baba yako aniitie watu," alisema. Nikapiga kelele kupitia mlangoni. Sauti ya baba ikanijibu kutoka nje, "Hakuna watu. Mwambie mkwe wangu naingia mimi." Nikamwambia. Bibi akajikunja, akajiziba kwa mikono. "Mwambie asiingie. Sina nguo. Mwantumu, mwambie nife tu."

Nilitoka mpaka kizingitini nikamwambia baba kama nilivyotumwa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilijua anamchukia, na sasa amepewa ruhusa ya kumwacha. Baba alinitazama. Kisha alivua shuka lake la kiunoni, akabaki na kaptula, akalifunga machoni mwake mizunguko miwili, akakaza fundo. "Nishike mkono," alisema. "Unipeleke alipo. Usiniache."

Wale mgambo waliacha kucheka, nakumbuka hilo. Nilimwongoza baba yangu kama kipofu ndani ya nyumba inayoungua. Nilimwambia inama, akainama. Nilimwambia kuna kizingiti, akakivuka. Paa lilikuwa linadondosha vipande vya moto, kimoja kikanichoma sikio, alama ninayo. Tulipofika mlango wa chumba cha Bibi, fito moja ilikatika, ikashuka na nyasi zake zikimwangukia baba kichwani, na shuka likashika moto usoni pake. Aliachia mkono wangu. Alilipasua lile shuka kwa mikono miwili, akalitupa, ngozi ya vidole vyake ikaenda nalo.

Nilikuwa mbele yake, namtazama. Nayaona mpaka leo macho yake, yako wazi, mekundu, yanatazama. Yalitazama chini pale alipokuwa Bibi. Bibi alikuwa ameziba uso kwa mikono, hakuona. Baba alichukua mkeka ukutani, akamfunika, akamviringisha, akambeba begani kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akatoka naye. Nyuma yetu paa lote lilikaa chini.

Tulitupwa kwenye lori pamoja na milango yetu. Baba hakukaa upande aliokuwa Bibi. Alikaa mwisho kabisa, amegeuza mgongo, vidole vyake vinachuruzika maji. Kwenye zahanati walimfunga bandeji, lakini vidole viligandamana, na tangu siku ile hakushika tena msumari. Mkono wa Bibi, walipoufungua kutoka mkekani, ulikuwa bado umelikamata lile jiwe.

Kule kijiji kipya tulikaa nyumba isiyokandikwa, chumba kimoja, mama amening'iniza khanga katikati: huku Bibi, huku sisi. Bibi hakutukana tena, na hiyo ilitutisha wote. Mama akimpelekea uji anaonja anaacha. Mama alidhani ni moshi umemuingia mapafuni. Mimi ndiye niliyejua, kwa sababu Bibi aliniuliza mimi. Alinivuta karibu, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Baba yako alipoingia, alikuwa amefunga macho?"

"Alifunga shuka, Bibi. Mizunguko miwili."

"Na aliponibeba?"

Sikujibu. Mtoto akinyamaza, mtu mzima anajua. Bibi aligeukia ukutani. Baba alikuwa upande wa pili wa khanga, hatua chache tu, na safari hii hakunituma neno lolote. Nilimsubiri anitume. Nilikuwa namtazama kinywani. Sasa naelewa kwamba hata kulitaja jambo lile kungekuwa ni kumvua Bibi nguo mara ya pili, lakini wakati ule niliona ni chuki, nikamchukia baba kidogo.

Bibi alikufa kabla mahindi ya msimu ule hayajabeba. Siku moja kabla, aliniita akanipa jiwe. Alisema kwa nguvu, kwa sauti yake ya zamani, ya kupita ukuta: "Mwambie baba yako mlima wake nimeuona. Mawe yanaungua." Nikaigeukia khanga nikasema. Upande wa pili nikasikia baba anapenga kamasi.

Wazee waliomba azikwe kwao chini ya minyaa, wakakubaliwa. Nilipeleka maji kwa wachimbaji. Palikuwa pameshakuwa mahame, mbegu za maboga zimejiotea zenyewe na kufunika ilipokuwa nyumba, na jivu lilikuwa limesambazwa na mvua mpaka makaburini. Baba alisimama mbali, mgongo kwetu, kwa sababu mkwe hasogelei kaburi la mkwe wake likiwa wazi. Nilipompitia aliniuliza ukuta wa shimo ukoje. Nikamwambia: juu udongo mwembamba ulioletwa na maji, chini yake mstari mweusi wa jivu na mkaa, chini yake udongo mwekundu mpaka mwisho.

"Mstari mmoja?"

"Mmoja tu, baba."

Alipitisha kidole chake kilichokunjika hewani, mstari mmoja, akashusha mkono.

Watu walipomaliza dua wakatawanyika kuelekea barabarani. Baba alibaki pale pale, bado amegeuza mgongo. Kisha akaniita, na nikajua kwa namna alivyoniita kwamba ananituma.

"Mwantumu. Nenda kamwambie mkwe wangu sikuona kitu."

Nilirudi peke yangu mpaka kwenye udongo ule mbichi. Nilikuwa nimeyaona macho yake wazi, mimi na Mungu tu. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo karibu na ardhi ili asikie vizuri, nikasema, "Bibi, baba anasema hakuona kitu."